Kaniki ya Molasi

Mwatum binti Abdulla alikuwa na bangili mbili za fedha alizoachiwa na mama yake, na katika miaka kumi na saba ya kukoroga rangi kiwandani hakuthubutu kuzivaa kazini hata siku moja. Alikwishaona yaliyompata mwenzake. Mama wa watu aliingia na bangili zake asubuhi zinameremeta, akatoka nazo jioni nyeusi kama zimechovywa kwenye lami.

Kilichozigeuza ni dawa moja ya magamba ya njano, iliyoletwa kutoka ng'ambo ndani ya mapipa ya bati. Jina lake la kizungu lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa pipa, lakini pale kiwandani hakuna aliyelihitaji. Wao waliiita viza, kwa sababu ilinuka kama yai viza, na si yai moja, bali kikapu kizima kilichosahauliwa juani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa pembezoni mwa mji wa Tanga, kando ya hori la bahari, na kazi yake ilikuwa kaniki. Kaniki nyeusi tii, ile wanayojifunga wanawake wakienda shamba, toka milimani Usambaa mpaka Pangani. Rangi yake ilikuja ikiwa unga mweusi, na unga huo una inda: ukiutia majini hauyeyuki, unakaa chini kama mchanga. Ni viza ndiyo iliyoulainisha ukaingia ndani ya uzi. Baada ya hapo maji machafu yalifunguliwa mfereji, yakateremka horini. Mikoko ya karibu ilikuwa imekauka ikabaki vijiti. Nasima, wifi yake Mwatum, ambaye waliishi nyumba moja na aliyekuwa mwokota chaza, ilimlazimu siku hizi kutembea mwendo wa saa nzima kwenda kuwatafuta.

"Wifi," Nasima alikuwa akimwambia kila akirudi na kikapu nusu, "mimi sikulaumu. Mkono wako ndio unaotulisha. Ila na huo mfereji wenu ndio unaotunyima."

Mwatum akavuta kigoda karibu. Akamsaidia kupasua chaza.

Basi mwaka wa themanini na nane, viza ikaanza kuadimika. Fedha za kigeni za kuagizia zilikuwa hazipatikani, mashine mbili kati ya tano zimesimama kwa kukosa vipuri, na mjini mitumba imeshajaa, shati la Ulaya kwa bei ya kutupa. Watu walianza kunong'onezana kwamba kiwanda kitafungwa kabla ya mwaka kwisha. Ndipo meneja, Bwana Laurenti, alipowaita wafanyakazi wote kwenye banda la kufumia, akapanda juu ya kreti, na kuwasomea barua kutoka wizarani.

Barua ilisema hivi: Serikali imeanzisha mpango wa kuvisaidia viwanda vya nguo vipunguze sumu kwenye maji yao. Kiwanda kitakachoonyesha njia yake chenyewe, ikaonekana kwa macho ya afisa wa wizara, kitajengewa matangi ya kusafishia maji na kupewa vipuri. Mwisho wa kuonyesha ni mwezi wa Septemba.

"Leo ni tarehe nne Agosti," akasema Bwana Laurenti akiikunja barua. "Mwenye wazo aseme. Sitamcheka mtu."

Watu wakaangalia miguu yao. Mwatum, ambaye katika mikutano yote ya miaka kumi na saba hakuwahi kusema zaidi ya "naunga mkono", safari hii alikuwa na wazo. Lililomjia kichwani lilikuwa la kizee, tena la jikoni. Bibi yake mzaa mama, kule Pangani, alikuwa akitia nguo rangi ya nili ndani ya chungu, na katika chungu kile hakutia dawa ya mzungu yeyote. Alitia magadi, pumba, na bonge la sukari guru, akafunika. "Rangi ni kama mtoto mkaidi," bibi alisema. "Mpe kitamu, atalainika."

Mkono wake ukanyanyuka kabla hajaamua kuunyanyua.

"Meneja, nipe wiki mbili na kilo tatu za sukari guru."

Banda zima likaangua kicheko. "Sukari!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Watu wanapanga foleni, yeye anataka kuitia kwenye kaniki!"

Bwana Laurenti hakucheka. "Nimesema sitamcheka mtu," akasema. "Utapata. Na msaidizi umtakaye."

Mwatum akamchagua Zabron, fundi wa boila, Mbondei wa Magila, mtu wa makamo mwenye maneno machache na kipimajoto mfukoni mwa shati. Wakapewa pembe ya banda la rangi, jiko la mkaa, na sufuria la kupikia chai ya wafanyakazi.

Jaribio la kwanza lilitoa kitambaa cha rangi ya jivu. La pili kikatoka na mabaka, kana kwamba kimelaliwa na paka mwenye madoadoa. Zabron akakigeuza, akakitazama huku na huku.

"Bi Mwatum, yule bibi yako alikuwa na haraka?"

"Haraka ya nini? Chungu kilifunikwa siku tatu mchana na usiku."

"Basi, sisi hizo siku tatu hatunazo. Tuzilipie kwa moto."

Wakazidisha moto, wakaongeza kostiki kidogo, ile ya kutengenezea sabuni. Jaribio la tatu moto ukapita kiasi, sukari ikaungua, na harufu ya kashata ikatapakaa kiwanda kizima. Wafumaji wakaacha mashine zao wakaja mlangoni wanameza mate. "Kuna shughuli gani leo?" wakauliza. Mwatum akawafukuza kwa mwiko, lakini alikuwa anacheka, maana katika miaka kumi na saba ile ndiyo mara ya kwanza mtu kuja banda la rangi akifuata harufu yake.

Jaribio la saba lilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Zabron alikamata kipimajoto, akawa anahesabu nyuzi za joto kwa sauti ya chini. Mwatum akakichovya kitambaa, akakigeuza, akakingoja, akakitoa. Kilikuwa cha kijani kibichi, kama ukoga wa kisima.

"Ah!" Zabron akasema, akaweka kipimajoto chini.

"Ngoja," Mwatum akasema.

Akakikung'uta hewani mara mbili, akakitundika kambani. Kijani kikaanza kukimbia, kwanza pembezoni, kisha katikati, kana kwamba usiku unaingia ndani ya kitambaa chenyewe. Kabla mtu hajamaliza kunywa kikombe cha maji, kilikuwa kaniki. Kaniki nyeusi tii. Mwatum akakikamata kwa mikono miwili, akakisugua kwa sabuni, akakifikicha kwa nguo nyeupe, na ile nyeupe ikabaki nyeupe.

Vigelegele alivyopiga vilisikika mpaka getini. Zabron Mwanglikana, ambaye hata kanisani alikuwa akiimba kwa kujibana, akavua kofia akairusha juu, ikanasa kwenye bomba la mvuke, na haikuteremshwa mpaka Jumatatu.

Lakini sukari guru ya kutia rangi mita elfu moja ingepatikana wapi, na kwa idhini ya nani? Zabron ndiye aliyetoa jibu. Viwanda vya sukari, akasema, hutoa takataka moja nyeusi, nzito kama gundi, iitwayo molasi. Mtu haili. Humwagiwa ng'ombe kwenye majani, na iliyobaki humwagwa barabarani kulaza vumbi. Utamu wake uko palepale. Bwana Laurenti akaandika wizarani siku ileile, na baada ya wiki tatu ikaja simu ya maandishi: mapipa kumi na mawili ya molasi yatafika Alhamisi asubuhi kwa lori, na afisa wa wizara, Bi Praxeda, atafika siku hiyohiyo. Ijumaa alfajiri anaondoka kwenda Arusha.

Alhamisi hiyo Mwatum alivaa kanga mpya chini ya koti la kazi. Bi Praxeda alifika saa tatu, mwanamke kijana, mwembamba, miwani usoni na mkoba wa ngozi uliojaa vichupa.

"Shikamoo mama," akamwamkia Mwatum.

"Marahaba mwanangu. Karibu sana."

Saa nne lori halijafika. Saa tano halijafika. Saa sita kasoro mlinzi akaja mbio, shati limemtoka kiunoni: lori limekamatwa kwenye kizuizi cha kuingilia mji, mapipa yote yako kituo cha polisi, na dereva amewekwa benchi.

Wakapakiana kwenye pikapu ya kiwanda, Bi Praxeda mbele na meneja, Mwatum na Zabron nyuma. Kituoni waliyakuta mapipa yamepangwa uani chini ya jua, na mbele yake ameketi Sajini Manase, mtu mnene, mtulivu, anajipepea kwa bahasha.

"Mama," alimwambia Mwatum baada ya salamu, "mimi nimeifanya kazi hii miaka ishirini. Molasi ina kazi mbili duniani: ng'ombe na gongo. Nyinyi kiwandani mna ng'ombe?"

"Hatuna, afande."

"Basi imebaki moja."

Bwana Laurenti akatoa hati ya mzigo. Sajini akaisoma mpaka mwisho kwa sauti. "'Molasi, kwa ajili ya kutia rangi kaniki.'" Akamrudishia. "Bwana, hata mimi ningekuwa napika gongo ningeandika hivihivi."

Bi Praxeda akatoa kitambulisho cha wizara. Sajini akakiheshimu, akasimama kabisa, lakini akasema lazima wapige simu Dar es Salaam kuthibitisha, na simu ya kituo ilikuwa mbovu tangu Jumanne. Pengine kesho mchana. Mwatum akamtazama Bi Praxeda anavyoitazama saa yake. Wiki saba za kazi, na Septemba imebakiza siku nane. Damu ikampanda. Hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha, ila kila aliyekuwa uani alimsikia.

"Afande, mimi ni Mwislamu, mjukuu wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Gongo sijainusa. Nipe jiko la mkaa na nusu saa. Molasi hii nikitoa gongo, nifunge. Nikitoa kaniki, nipe mapipa yangu."

Sajini Manase akaacha kujipepea. Akawaangalia askari wake, wakamwangalia yeye, na ilionekana wazi kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kukosa jambo hilo.

"Haya," akasema. "Leteni jiko."

Zabron akaondoka na pikapu kufuata unga wa rangi na kostiki, akarudi na vumbi lake. Wake wa askari wakaleta sufuria na maji. Pipa likafunguliwa, molasi ikachotwa kwa kata, ikajivuta kama asali iliyolala. Watu waliokuja kituoni kwa mashtaka yao waliyasahau, wakazunguka duara. Zabron akakamata kipimajoto. Mwatum akakoroga.

"Nahitaji kitambaa," akasema. "Cheupe, cha pamba."

Kila mtu akajipapasa. Hakuna aliyekuwa nacho. Mwishowe Sajini Manase akaingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa leso nyeupe pee, iliyotariziwa maua mekundu pembeni.

"Ni ya pamba," akasema. "Amenitarizia mke wangu."

"Afande, haitarudi kama ilivyokwenda."

Akaishika kidogo. "Tia," akasema.

Leso ikazama. Mwatum akaigeuza, akaingoja, midomo yake ikihesabu. Alipoitoa kwa mwiko, kundi zima likaguna. Ilikuwa ya kijani, kijani cha ukoga, inachuruzika.

"Hiyo ndiyo kaniki?" Sajini akauliza, na sauti yake ilikuwa imeingiwa na huzuni ya kweli.

"Tazama," Mwatum akamwambia. "Usipepese."

Akaikung'uta, akaishika pembe mbili mbele ya uso wake. Na mbele ya askari, dereva, washtaki na washtakiwa, leso ikaanza kubadilika. Mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni akaonyesha kidole. "Inakuwa nyeusi!" mwanamke akapiga ukelele. "Jamani, inakuwa nyeusi yenyewe!" Uani kukawa kama sokoni. Watu wakasukumana waone, askari mmoja kijana akapiga makofi bila kujijua, na Zabron akaikamata kofia yake kwa mikono miwili ili safari hii isimponyoke.

Sajini Manase akaipokea leso ikiwa bado na joto. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Na maua?"

"Maua nayo yamekwenda, afande. Uzi ni pamba vilevile."

"Nitamwambia nini Kristina?"

"Mwambie umeipeleka kwenye kazi ya Serikali," akasema Bi Praxeda.

Akacheka Sajini, akacheka mpaka tumbo likamtikisika, na alipomaliza aliwaamuru askari wenyewe wayapakie mapipa.

Wakati wanapakia, Bi Praxeda alichuchumaa kando ya sufuria, akatoa mkobani kijikaratasi cheupe chembamba, akakilowesha, akakishika juu ya mvuke wa maji yale yaliyobaki. Kikabaki cheupe. Akaandika kitu. Walipofika kiwandani akaomba aonyeshwe pipa la viza, akafanya vilevile kwa kijikaratasi kingine. Kabla hujahesabu mpaka tatu, kikawa cha kahawia, kisha cheusi.

"Mama," akamwambia Mwatum akikiinua, "hii ndiyo mliyokuwa mnaivuta kifuani kila siku."

Mwatum akalifunika pipa. Alikifikiria kifua chake, na vya wenzake wawili waliostaafu kwa kukohoa.

Kazi yenyewe ilianza saa tisa, kwa mashine ya kweli na mita mia tatu za nguo. Molasi ilikataa kupita kwenye bomba kwa uzito wake, ikabidi Zabron alizungushie pipa bomba la mvuke wa moto mpaka ikalainika. Wafumaji waliomaliza zamu hawakwenda nyumbani. Walijipanga ukutani, wale wale waliocheka banda la kufumia, wamenyamaza kama wako kwenye mpira wa penalti. Nguo ikaingia nyeupe. Nguo ikatoka kijani. Ikapanda kwenye magurudumu ya juu kupigwa na hewa, na ilipoteremka upande wa pili ilikuwa nyeusi, mita baada ya mita, nyeusi isiyo na baka. Mtu akaanza kupiga makofi, na makofi hayo hayakukoma mpaka nguo ilipokwisha.

Bwana Laurenti alimshika Mwatum mkono akautikisa, akasahau kuuachia. "Bi Mwatum," akasema, "Bi Mwatum," huku akizidi kuutikisa.

Bi Praxeda hakuahidi kitu. Alijaza vichupa vyake maji ya mfereji, akavifunga lakiri, akasema maji bado ni meusi na bado yana kostiki, hayafai kumwagwa hivihivi, matangi ni ya lazima. "Lakini sumu mbaya kuliko zote haimo," akasema. "Nitaandika nilichokiona."

Jibu lilichukua zaidi ya miezi miwili. Katika miezi hiyo pipa la mwisho la viza lilikwisha na halikuagizwa jingine. Kiwanda kikaendelea kwa molasi. Mitaani wakazuka wenye maneno, kwamba Mwatum wa kiwandani anapika gongo, na Nasima aligombana na watu wawili kisimani kwa ajili hiyo. Nasima mwenyewe alikwenda siku moja mpaka mdomo wa mfereji, akasimama, akavuta pumzi, akarudi nyumbani amestaajabu.

"Wifi, unanuka haluwa!"

"Nani, mimi?"

"Mfereji! Chaza sijawaona, nisikudanganye. Ila kaa wadogo nimewaona wawili."

Chaza hawakurudi mwaka ule. Lakini barua ilikuja, mwezi wa Desemba, na safari hii Bwana Laurenti hakuhitaji kreti, maana watu walimnyanyua wao. Matangi matatu yatajengwa baada ya mvua. Vipuri vya mashine mbili vimeshaagizwa. Na ya mwisho ilimhusu mtu mmoja: kiwanda kimoja cha nguo kule Mwanza kimeomba apelekwe mtu wa kuwafundisha, na wizara itamlipia nauli ya treni na posho ya mwezi mzima. Mtu huyo ni Mwatum binti Abdulla.

"Bi Mwatum, najua ni mbali," akaanza Bwana Laurenti, "na una familia, kwa hiyo una haki ya kufikiri kwanza..."

"Nimeshafikiri," Mwatum akasema. "Treni ni lini?"

Alikuwa hajawahi kuvuka Korogwe. Alifika nyumbani anatembea kwa haraka ya msichana, akamkuta Nasima ukumbini anapepeta mchele, akamweleza yote kwa pumzi moja, Mwanza na ziwa na mwezi mzima na nauli ya Serikali.

Nasima akaweka ungo chini.

"Mwanza baridi?"

"Sijui."

"Wanakula nini?"

"Samaki, nadhani. Wa maji baridi."

"Masikini wifi yangu," Nasima akasema, na papo hapo akainuka kwenda kulifungua sanduku la nguo, waanze kuchagua.